Hesabu ya Mteremko

Kyakimwa, ujumbe wako wa sauti umefika
umeme wa Majengo ukiwa bado haujakatika.
Unamwuliza kaka yako, fundi wa chukudu,
namna ya kuteleza juu ya barafu.
Nilicheka hadi tezo ikanidondoka,
kisha nikarudia kusikiliza, polepole.

Ijumaa jioni, unasema, treni kutoka Lyon,
watu wanne, gari moja la kukodi,
kibanda cha mlimani chenye vitanda vya ghorofa,
supu, mkate, na kengele ya saa kumi alfajiri.
Mwezi wa tano umefika katikati; huko mabondeni
ng'ombe wameshatolewa nje, maua yameota
palipokuwa na theluji.
Imebaki ya juu tu, kwenye ule mto wa barafu
ambao hakuna aliyeuona ukitembea,
ila kila mwaka, mnasema, umerudi nyuma kidogo,
kama mdeni aliyekuona sokoni.

Haya. Barafu mimi naijua ile ya Kituku,
inayolazwa chini ya sambaza
na kulia machozi kabla ya saa nne.
Lakini mteremko naujua.
Nimeshuka kutoka Kibumba na magunia sita ya viazi,
goti juu ya ubao, mguu mmoja hewani,
breki yangu kipande cha tairi chini ya kisigino.
Anayetazama miguu yake huanguka.
Tazama unakokwenda, Kyakimwa, mwili utafuata.
Na usikaze magoti. Mti mkavu ndio unaovunjika,
naukataa kila siku hapa kwenye karakana.

Kiongozi wenu akisema kuna nyufa
zilizofunikwa na theluji nyembamba kama utando wa maziwa,
usimbishie.
Unakumbuka mazuku?
Kile kibonde nyuma ya kwa shangazi, nyasi mbichi,
na mbuzi watatu wamejilaza asubuhi
kama walioshiba.
Ardhi haikuonyesha kitu. Hewa haikunuka kitu.
Mama akapanga mawe mstari mmoja, akatuambia:
dunia yenu inaishia hapa.
Basi wakikupa kamba, jifunge,
hata kama wenzako wanajifunga huku wanataniana.

Glavu unazo? Miwani? Mafuta ya midomo?
Usinunue kila kitu; azima.
Mtalii mmoja niliyembebea mzigo hadi juu ya Nyiragongo
aliniachia glavu ya kushoto, ya kulia ikabaki kwake.
Sijui nani kati yetu alifaidika.

Nilidhani ujumbe umekwisha.
Kulikuwa na pumzi, mlango ukafungwa,
halafu sauti yako ikawa ndogo:
*sijawaambia kwamba mimi naogopa mlima.*

Ningewaambia nini, na mimi, badala yako?
Kwamba ilikuwa Mei pia, Jumamosi pia,
watu wakiwa bado hawajala chakula cha usiku?
Kwamba wewe ulibeba godoro kichwani hadi Sake
na kulishusha ukiwa umesahau sababu ya kulibeba?
Mto ule wa moto nao ulishuka taratibu,
ukala nyumba ya jirani, ukala choo chetu,
ukasimama.
Nikangoja miezi, nikamwaga maji, hayakuchemka.
Sasa karakana yangu imekaa juu yake. Ni sakafu nzuri,
haina vumbi, ila inamaliza viatu.

Kwa hiyo nenda.
Au usiende, ukae kibandani uwapikie chai,
hiyo nayo ni wikendi.
Lakini ukienda, shuka kabla ya saa sita,
theluji isijakuwa uji,
na ukifika chini usinipigie kwanza. Kaa. Kunywa maji.

Umeme umekatika. Nitakutumia maneno haya kesho
nikipata chaji kwa Baba Nzanzu.

Jambo moja tu, la kifundi:
hizo mbao zenu, chini mnazipaka nini?
Mimi kwenye ekseli natia mawese,
lakini yanavuta mchanga.